UVIMBE WA DAMU MDOMONI: KUTOKA KHANDAQ HADI MUHIMBILI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni refu. Mwenye haraka aweke alama, arudi baada ya Isha.

Hapa kwetu Bugwema, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Musoma, mzazi akiona kwa mtoto jambo asilolielewa humleta asomewe. Katika mambo hayo kuna uvimbe wa mdomo au wa ulimi ambao una rangi ya zambarau na ulaini wa tunda lenyewe la zambarau lililoiva. Mtoto akilia unajaa. Ukiubonyeza unasinyaa, ukiuachia unarudi. Kabla mzazi hajafika kwangu majirani wameshahukumu: huyu anasema kijicho, yule anasema mama alipokuwa mjamzito alitamani kitu akanyimwa, na wa tatu anamjua fundi wa kijiji cha pili ambaye atautoboa kwa wembe, damu chafu itoke, mambo yaishe. Mimi humsomea mtoto, kwa sababu Qur'ani ni shifaa na hilo silijadili. Lakini habari ya wembe ina historia ndefu katika dini yetu, na wengi wetu hatukuisomeshwa madrasa. Ndiyo somo la leo.

Tuanzie Madina. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627 Miladia, Sa'd bin Mu'adh (R.A.), kiongozi wa Aws, alipigwa mshale katika mshipa wa mkono unaoitwa akhal. Mtume (S.A.W.) akampigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimchoma pale penye mshipa kwa mkono wake mwenyewe, kwa chuma cha mshale, ili damu ikatike. Mkono ukavimba, akamchoma mara ya pili. Jeraha likatulia kwa muda, kisha likafumuka, na watu wa hema la jirani, Banu Ghifar, hawakujua lolote mpaka walipoona damu inatiririka kuwafikia. Sa'd akafa shahidi. Tunapoisimulia habari hii huwa tunakwenda moja kwa moja kwenye Arshi iliyotikisika kwa kifo chake, na ni sawa, lakini tukisimama kidogo kabla ya hapo tutaona mshipa mmoja wa damu na juhudi mbili za kuuziba, mbele ya mbora wa viumbe.

Katika Sahihi hiyohiyo imo habari ya Ubayy bin Ka'b (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alimpelekea tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma juu yake. Alimpelekea tabibu, siyo mtu yeyote mwenye kisu. Na Imam Malik katika Muwatta amepokea, kwa mapokezi ya mursal, kwamba mtu mmoja alijeruhiwa na damu ikajikusanya katika jeraha, wakaitwa watu wawili wa Banu Anmar kumtazama, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni yupi kati yao anayejua zaidi utabibu. Wote wawili wamekuja na wote wanaitwa waganga, lakini swali linaulizwa kabla mkono haujagusa damu.

Kisha iko ile Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kwamba anayejitia kutibu na hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu huyo ana dhamana, yaani akiharibu atalipa. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameifafanua kwa kina katika Zad al-Ma'ad. Tabibu mjuzi aliyeipa kazi haki yake, na hata hivyo kiungo kikaharibika, hana dhamana. Asiyejua aliyemdanganya mgonjwa kwamba anajua, yeye ndiye mwenye kulipa. Ndugu zangu, hii ni sheria ya fidia na iko vitabuni, msiidhanie kuwa ni nasaha tu.

Na haikubaki vitabuni. Wanahistoria wa utabibu wanasimulia kwamba mwaka 319 Hijria (931) ilimfikia Khalifa al-Muqtadir habari kwamba mtu mmoja Baghdad amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru asiruhusiwe mtu kutibu mpaka ajaribiwe na Sinan bin Thabit, tabibu wake mkuu. Waliojitokeza kujaribiwa, pande zote mbili za mji, walizidi 800. Karne mbili na zaidi baadaye, katika nchi ya Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumwongoza muhtasib, yule mkaguzi wa masoko, na humo wapasuaji wana sehemu yao pamoja na waoka mikate na wauza nyama. Mpasuaji alitakiwa ajue viungo vya mwanadamu, misuli yake, mishipa yake ya damu inayopiga na isiyopiga, na neva zake, ili aiepuke anapopasua jipu. Angalieni neno hilo la kuepuka. Mkaguzi alimwuliza mpasuaji kama anajua mahali pasipokatwa.

Sasa twende Andalus, kwa mtu ambaye kwa maoni yangu anastahili kutajwa katika khutba zetu mara nyingi kuliko anavyotajwa.

Abul Qasim Khalaf bin Abbas al-Zahrawi alitoka Madinat al-Zahra, mji wa kifalme uliojengwa karibu na Cordoba kuanzia mwaka 936. Alifariki yapata mwaka 1013. Aliandika kitabu kimoja kikubwa, Kitab al-Tasrif, chenye sehemu 30, akakimaliza yapata mwaka 1000. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji: kuchoma, kukata, na kuunga mifupa. Humo alichora vyombo vya kazi karibu 200, na wanafunzi wake anawaita wanangu.

Utangulizi wa sehemu hiyo ya upasuaji hauanzi kwa kujisifu. Unaanza kwa malalamiko, kwamba katika nchi yake na zama zake mpasuaji hodari haonekani, kwa sababu fani ni ndefu na mwenye kuitaka lazima asome kwanza umbile la mwili, na watu hawana subira hiyo. Kisha anatoa ushahidi wa mambo aliyoyaona. Alimwona tabibu mjinga akipasua uvimbe katika shingo ya mwanamke. Akakata mishipa ya damu ya shingoni, na yule mama akavuja damu mpaka akaanguka, akafia mikononi mwake. Kitabu cha upasuaji kilichosomwa zaidi ya miaka 500 kinafunguliwa kwa mama aliyekufa kwa uvimbe ambao mtu aliukata bila kujua chini yake pana nini.

Endelea kusoma utakuta hiyo ndiyo roho ya kazi yake. Kuna mlango wa uvimbe wa mshipa wa damu wenyewe. Anaeleza jinsi ya kuutambua kwa vidole, kwa mapigo yake, na anaonya kuwa ni kosa kuupasua, hasa ukiwa kwapani, kinenani au shingoni, au ukiwa mkubwa. Kuna mlango wa uvimbe wa chini ya ulimi, ule ambao Waarabu waliufananisha na chura mdogo. Anamwambia mwanafunzi amfungue mgonjwa kinywa akielekea jua, autazame. Ukiwa mweusi, mgumu, usio na hisia, asiuguse. Ukielekea weupe na una majimaji, hapo atie ndoana na kuukata taratibu, na dawa ya kuzuia damu iwe tayari. Hakukuwa na umeme Cordoba, wala mashine, ila jua la asubuhi na jicho lililofundishwa na mwalimu.

Mwenyewe sikuwahi kumwona mtu anayesimulia vizuri kama yeye habari ya jino pia. Anasema usikimbilie kung'oa, kwa sababu maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima akidhani ndilo bovu, likang'olewa, na maumivu yakabaki palepale. Anawalaumu vinyozi waliokuwa wakifanya hivyo na kuvunja taya za watu. Na kwa damu inayoruka kutoka katika mshipa unaopiga aliandika njia nne: kuchoma, kuukata mshipa kabisa kama haujakatika wote ili ncha zake zijivute, kuufunga kwa uzi imara, na kuweka dawa ya kukausha kisha kufunga kitambaa kwa nguvu.

Msiniandikie hapa chini kwamba Wazungu wametuibia. Al-Zahrawi mwenyewe alijifunza mengi kutoka kwa Wagiriki, na mengi ya mlango ule wa uvimbe wa mshipa yanafanana na ya Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kitabu chake cha upasuaji kwa Kilatini pale Toledo, na jina lake likabaki juu, ingawa kwa matamshi yao: Albucasis. Elimu hutembea kwa silsila, kama ijaza zetu. Jambo la kutuuma ni kwamba kwetu sisi silsila ilikatika mahali, tukabaki na sifa.

Tazama tulivyobaki. Kimeo cha mtoto, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimekatwa miaka na miaka pwani na bara kwa madai kwamba ndicho kinachomkohoza na kumtapisha, na wako watoto waliopelekwa hospitali wakivuja damu, na wako ambao hawakuwahi. Kuanzia miaka ya 1980 likazuka jambo jingine: meno ya nailoni, wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga ana homa na kuhara, mtu anampapasa ufizi, anasema haya meno ndiyo ugonjwa, na anachimba vijino ambavyo havijatoka kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa. Kuhara hakuponi. Mtoto aliyepungukiwa maji anaongezewa kupoteza damu, na meno ya ukubwani huharibika yangali ndani ya taya. Wanaofanya haya wamo wanaoswali swafu ya kwanza. Ninasema wazi: hii ni dhulma kwa nafsi, na dhamana ya ile Hadithi inawahusu.

Turudi kwenye uvimbe wetu wa zambarau, maana hapo elimu imesogea sana na inafaa tujue imefika wapi.

Al-Zahrawi hakujua damu inazungukaje. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, ndiye aliyeeleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili. William Harvey wa Uingereza akaeleza mzunguko wote mwaka 1628, na Malpighi wa Italia mwaka 1661 akaiona kwa hadubini ile mishipa midogo kama unywele inayounganisha ateri na vena. Kwa hiyo leo tunajua kwamba Mwenyezi Mungu ameziumba njia za kupeleka damu kwa nguvu, njia za kuirudisha taratibu, na vichochoro katikati vya kuipunguza kasi. Kuna watu wanaozaliwa na kasoro katika ujenzi huo. Wengine vena zao zimepanuka kama mifuko. Wengine wana ateri iliyoungana na vena moja kwa moja bila kichochoro, damu ikaingia kwa kishindo kama mto wa masika.

Kwa muda mrefu madaktari waliita vyote jina moja, na wakavitibu kwa namna moja, yaani kukata, au kuchoma, au hata kupiga mionzi. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, John Mulliken na Julie Glowacki, walitenganisha mambo mawili. La kwanza ni hemanjioma ya watoto. Hii mara nyingi haionekani siku ya kuzaliwa, au huonekana kama doa hafifu. Hutokea wiki za mwanzo, hukua kwa kasi miezi ya kwanza, kisha hurudi nyuma polepole kwa miaka. La pili ni kasoro ya mishipa yenyewe. Mtoto huzaliwa nayo hata kama haijaonekana, hukua pamoja naye, na hairudi nyuma. Huweza kuchachamaa wakati wa balehe, wa ujauzito, au baada ya kuumizwa. Kwa hiyo tarehe peke yake, kwamba uvimbe umeonekana lini na umekwendaje, inampa daktari nusu ya jibu.

Na kwa ile hemanjioma, rehema ilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Huko Bordeaux, Ufaransa, mtoto mwenye uvimbe huo puani alipata shida ya moyo kutokana na dawa alizokuwa akipewa. Madaktari wakampa propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu ya tangu miaka ya 1960. Siku ya pili uvimbe ukaanza kubadilika rangi na kulainika. Wakaiandika habari hiyo mwaka 2008, na tangu hapo watoto wengi duniani ambao wangepasuliwa wanatibiwa kwa dawa ya kunywa. Ni dawa ya bei ndogo, ila isitolewe nyumbani kwa kukisia, kwa sababu inaweza kushusha sukari ya mtoto na kupunguza mapigo ya moyo. Anayeipima ni daktari.

Je, kwetu ni nani amefundishwa haya? Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961 haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari. Afrika Mashariki nzima iliegemea Makerere, Uganda. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mafunzo ya madaktari wa kinywa na meno yakaanza mwaka 1979. Shule hiyo ndiyo mzizi wa chuo kikuu cha afya cha leo, MUHAS, pale Muhimbili, ambako daktari wa meno aliyekwisha kufuzu anaweza kurudi darasani kusomea ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mtu amesoma miaka mitano, amefanya kazi, anaheshimika, kisha anakaa tena chini ya mwalimu. Sisi watu wa madrasa tunalijua hilo: huwezi kujisomea mas'hafu peke yako ukasema umehifadhi. Lazima kinywa cha mwalimu na sikio lako. Katika upasuaji ni mkono wa mwalimu na jicho lako.

Nimeuliza madaktari ni nini hasa wanachofundishwa juu ya uvimbe huu wa damu, na niliyoyasikia yamenirudisha Cordoba.

Kwanza, asishike kisu. Hata kile kipande kidogo kinachokatwa kutoka uvimbe mwingine ili kipelekwe maabara, hapa ni hatari. Anauliza tarehe. Anagusa kwa vidole: ukipiga kama moyo, au ukitetema chini ya kidole kama nyuki ndani ya mzinga, basi ni wa ateri, na aite wakubwa wake. Anamwinamisha mgonjwa kichwa. Uvimbe wa vena utajaa, kama unavyojaa wa mtu aliye kwenye sijda, na akiinuka utapungua. Anatafuta vijiwe vigumu ndani yake, ambavyo ni damu iliyoganda zamani ikawa kama changarawe. Kisha vipimo: ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, na inapobidi siti skani au MRI.

Uangalifu ni mkubwa zaidi kwa taya. Kasoro ya ateri na vena inaweza kujificha ndani ya mfupa wa taya, kwa nje usione kitu isipokuwa jino linalocheza kwa kijana asiye na ugonjwa wa fizi, au fizi inayotoa damu mahali pamoja kila mara. Aking'oa jino hilo bila picha, damu inaweza kuruka kiasi cha kumuua mgonjwa akiwa kitini. Wanafundishwa kwamba likitokea, walirudishe jino shimoni mwake palepale, wagandamize, mgonjwa aume kwa nguvu, na msaada uitwe. Jino lenyewe linakuwa kizibo. Na wanafundishwa wasikimbilie kufunga ule mshipa mkubwa wa shingoni unaolisha uso. Kwa nje inaonekana ni akili, ukifunga bomba maji yakatike. Lakini damu hupata njia za panya, uvimbe hurudi ukiwa na mizizi mingi zaidi, na daktari ambaye angepita ndani ya mshipa ule kwenda kuziba chanzo anakuta barabara imefungwa.

Huyo daktari apitaye ndani ya mshipa ndiye aliyekuwa hayupo. Kazi yake ni kuingiza mrija mwembamba, mara nyingi kupitia kinenani, akiongozwa na picha za eksirei, mpaka kwenye mshipa unaoulisha uvimbe, akauziba kwa ndani; baadaye mpasuaji hukata bila gharika. Au kwa uvimbe wa vena huchoma sindano ya dawa inayozifanya kuta zake zishikamane na kusinyaa, na mara nyingi kisu hakihitajiki tena. Kabla ya mwaka 2018 Tanzania, nchi ya watu zaidi ya milioni 50, haikuwa na bingwa wa fani hiyo. Mwaka huo timu za walimu kutoka nje, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, zikaanza kuja Muhimbili kwa zamu, daktari, muuguzi na fundi wa mionzi pamoja, wakifundisha Watanzania juu ya wagonjwa wa Kitanzania. Mwaka 2019 ikaanzishwa shahada yake MUHAS, ya miaka miwili, na mwaka 2021 wakapatikana wahitimu wa kwanza.

Mimi jambo hili limenigusa kuliko majengo. Wangeweza kutuletea madaktari wa kutibu wiki mbili na kuondoka, tukapiga picha nao uwanja wa ndege. Badala yake walioanza kama wanafunzi wamekuwa wanaofundisha wengine. Hiyo ndiyo silsila. Mpasuaji wa taya anayesoma leo Muhimbili anaweza kupeleka swali lake chumba cha pili na kujibiwa kwa Kiswahili.

Mmoja atasema: Shehe, Muhimbili iko mbali, fundi yuko hapa. Kweli iko mbali, na nauli si mchezo kwa mkulima wa mihogo au mvuvi wa dagaa. Lakini safari haianzii Muhimbili. Inaanzia zahanati, ikaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Kwangwa, Musoma, ikihitajika Bugando, Mwanza, na barua ya rufaa ndiyo inayofungua milango. Na uvimbe mwingi wa aina hii hauna haraka ya siku moja. Una muda wa msikiti kuchanga. Tunachangia harusi kwa kadi za mwaliko, hatutashindwa na nauli ya mtoto.

Isipokuwa usijipe mwenyewe hukumu kwamba kila uvimbe wa kinywa ni wa damu. Katika ukanda huu wa ziwa kuna saratani ya taya kwa watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Uganda. Ile hukua kwa siku na wiki, meno hulegea, na haingojei mchango wa Ijumaa. Hutibiwa kwa dawa, na ikiwahiwa watoto wengi hupona. Mtoto mwenye taya inayovimba upesi apelekwe leo.

Na ikitokea uvimbe wa damu umepasuka ukiwa nyumbani, usipake tumbaku, wala majivu, wala mafuta ya taa. Mkalishe, ainame mbele kidogo damu isimwingie kooni, kunja kitambaa safi, ugandamize palepale kwa nguvu bila kuondoa kila dakika kuchungulia, na muondoke kwenda hospitali mkiwa mmegandamiza hivyohivyo.

Wale wenye watoto wenye alama hizi, pigeni picha kwa simu kila mwezi, mahali pamoja, kwenye mwanga wa asubuhi, na mziweke. Daktari akikuambia tusubiri kwanza, usiondoke umekasirika ukidhani hajui kazi. Mwulize tu urudi lini, na siku hiyo umpelekee zile picha.

Wallahu a'lam.